Kumkabidhi Mungu mtoto mwenye ualbino

Kuna nyumba katika Mkoa wa Mwanza ambamo sala ya usiku huanza na komeo. Mama hufunga mlango wa mbele, huenda kuukagua wa uani, huegemeza sufuria tupu nyuma yake ili mtu akiusukuma kelele ziamshe nyumba nzima, ndipo anapopiga magoti. Mtoto amelazwa upande wa ukuta, mbali na dirisha. Hajamkosea mtu yeyote. Amezaliwa na ualbino, na amezaliwa Kanda ya Ziwa.

Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya mama wa namna hiyo, na kwa ajili yetu sisi majirani zake, ambao kila anapotueleza hofu yake tuna jibu moja lililo tayari mdomoni: mwachie Mungu. Ni jibu la imani, na mimi ni mtu wa imani. Lakini nimelisikia likisemwa na watu waliokuwa tayari wamegeuka kuondoka, na nimemwona aliyeambiwa akibaki peke yake na mtoto wake na ule mlango. Nataka tuulizane kumwachia Mungu mtoto wa namna hii ni kufanya nini hasa, asubuhi na jioni, katika mji huu na visiwa vyake.

Hofu ya mama huyu ina tarehe zake. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 habari za watu wenye ualbino kuuawa na kukatwa viungo zilianza kufuatana, nyingi zikitoka mikoa inayolizunguka Ziwa Victoria na jirani zake: Mwanza, Shinyanga, Kagera, Geita, Tabora, Mara. Kufikia mwaka 2015 waliouawa nchini Tanzania walikuwa wamepita 70. Wapo walionusurika wakabaki bila mkono. Nyuma ya mwenye panga alikuwapo mganga mpiga ramli, na nyuma ya mganga alikuwapo mteja mwenye fedha, aliyedanganywa kwamba kiungo cha binadamu mwenzake kitamletea dhahabu machimboni, samaki nyavuni au kura kwenye sanduku. Mwaka 2008 mwandishi Vicky Ntetema, akiifanyia kazi BBC, alijifanya mteja na kuingia kwa waganga wa kanda hii. Alichokitoa hewani kilimletea vitisho hata ikabidi ajifiche. Mwanzoni mwa 2009 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, alitokwa na machozi bungeni akilizungumzia jambo hili. Machi mwaka huohuo wananchi waliitwa kupiga kura ya siri kuwataja wanaowashuku. Septemba, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu waliomuua mvulana mwenye ualbino, na hiyo ikawa hukumu ya kwanza ya aina hiyo nchini.

Wengi tulidhani yamekwisha. Desemba 2014, wilayani Kwimba, mtoto wa kike wa miaka minne alichukuliwa usiku nyumbani kwao. Mwezi uliofuata serikali ilipiga marufuku waganga wasio na vibali, na kufikia Machi 2015 polisi walikuwa wamewakamata zaidi ya 200. Katikati ya hapo, Februari 2015, wilayani Chato, mtoto wa kiume wa mwaka mmoja alinyakuliwa na kuuawa. Mama yake aliyejaribu kumng'ang'ania alikatwa mapanga, akaletwa kulazwa hospitali ya Bugando hapa Mwanza. Miaka ikapita. Kisha usiku wa tarehe 30 Mei 2024, wilayani Muleba, mtoto wa kike wa miaka miwili na nusu akaporwa mikononi mwa mama yake. Mwili wake ulipatikana katikati ya Juni ukiwa umekatwa viungo.

Mzazi wa Mwanza huyapima mambo hayo kwa umbali. Kwimba ni wilaya ya mkoa wake mwenyewe. Chato unakwenda na kurudi kwa basi. Muleba ni upande wa pili wa ziwa, kule meli inakofika asubuhi ikiondoka hapa jioni.

Tukio la Muleba lilikuwa na pigo la pili. Watu tisa walifikishwa mahakamani Bukoba kwa mauaji hayo, na miongoni mwao walikuwamo baba mzazi wa mtoto na padri wa Kanisa Katoliki. Kesi ni ya mahakama, sitaihukumu hapa. Ila mashtaka yenyewe, kwa kusomwa tu, yalimfikia mama wa huku kama habari kwamba hata kule alikokuwa anakimbilia hapana usalama. Alikuwa akijiambia mume yupo, na parokia ipo. Sasa amwangalie nani?

Katika jumuiya ndogo ndogo tunayosali yumo mama mwenye mtoto wa kiume mwenye ualbino. Sitamtaja jina wala mtaa, kwa sababu ambazo kila msomaji wa kanda hii anazijua. Habari za Muleba zilipotoka alimwondoa mtoto shuleni. Alimfungia ndani, akaacha hata kuja jumuiya. Tulimfuata nyumbani siku ya Alhamisi jioni, tukasali pale sebuleni, na mzee mmoja akamwambia yale maneno tuliyoyazoea. Mama aliitikia amina. Kisha akauliza, bila hasira, kesho asubuhi nani atatembea na mwanangu mpaka shuleni.

Sebule ilitulia kwa muda mrefu kuliko ilivyotulia wakati wa sala.

Nimelitafakari sana swali hilo, kwa sababu mimi pia ni mzazi, na wanangu wanakwenda shule wenyewe bila mimi kuwaza lolote zaidi ya magari barabarani. Mama yule hakuwa anatikisika imani. Alikuwa ameichukulia sala yetu kwa uzito kuliko sisi tulioitoa. Kama tumemwomba Mungu amlinde mtoto njiani, basi inampasa mtoto awe njiani. Mlinzi hawezi kuombwa amlinde mtu katika safari ambayo tumeshaamua haitafanyika. Na kama mtoto atakuwa njiani, sisi tuliosema amina tutakuwa wapi saa hiyo?

Jibu lilipatikana palepale, kwa aibu kidogo lakini likapatikana. Fundi cherehani mwenye banda njia panda alisema yeye hufungua mapema, atamwona akipita na atamwona akirudi. Kijana wa darasa la saba wa nyumba ya tatu akapewa kazi ya kuongozana naye. Mjumbe wa mtaa akaombwa namba za simu za walimu wa zamu. Jumatatu iliyofuata, saa moja kasoro robo, mama alimfungulia mtoto mlango. Alitueleza baadaye kwamba hofu haikuwa imepungua hata chembe. Alibaki mlangoni mpaka simu ya mwalimu ilipoingia kusema amefika, na mikono ilimtetemeka hata chai ikamwagika. Lakini alifungua.

Hapo ndipo ninapouona uzito wa kumkabidhi Mungu mtoto. Kumfungia ndani hakuhitaji imani yoyote, kunahitaji bati imara na kufuli. Imani inadaiwa pale mkono unapoachia mkono wa mtoto, mzazi akijua yote anayoyajua kuhusu Kwimba, Chato na Muleba. Na inadaiwa kila siku upya, kwa sababu jana kurudi salama hakukuahidi kitu kuhusu leo. Wapo wazazi waliosali kwa moyo uleule na watoto wao hawakurudi. Yeyote anayemwambia mama wa mtoto mwenye ualbino kwamba akiamini vya kutosha hakuna baya litakalompata, amewahukumu wale akina mama kwamba hawakuamini. Mimi siwezi kusema hivyo. Mama wa Chato alimpigania mwanawe kwa mwili wake.

Kufungia kuna gharama yake, na kanda hii imeshailipa. Mauaji yalipopamba moto, serikali na wasamaria wema waliwakusanya watoto wenye ualbino katika shule zenye mabweni na uzio. Mitindo, kule Misungwi, ambayo ilikuwa shule yenye wanafunzi wasioona, ilipokea wengi. Buhangija mjini Shinyanga ilifurika. Ulikuwa uamuzi wa dharura na uliokoa maisha. Sitaki mtu aubeze. Lakini dharura ikawa makazi. Watoto waliletwa wakiwa wadogo mno, wengine wasijue kutaja jina la kijiji chao. Wazazi wengine walikuja kuwatembelea, wengine walikuja mara moja, wengine hawakuonekana tena. Mtoto aliyeokolewa kwenye panga akakua akiamini kwamba kwao hatakiwi. Ukiwauliza wazazi, wapo watakaokuambia kwamba walimwachia Mungu. Wapo ambao kweli hawakuwa na nauli. Na wapo, tuseme wazi, ambao walishukuru kuondolewa aibu.

Maana aibu bado ipo. Bado kuna wanaume wanaoikimbia nyumba siku mtoto anapozaliwa, wakidai mke amezaa nje, na bado kuna wakwe wanaonong'ona habari za laana. Ukweli ni kwamba ualbino huhitaji wazazi wawili. Baba anabeba nusu ya chanzo chake bila kujua, mama anabeba nusu nyingine bila kujua, na mtoto anapozipokea zote mbili ndipo mwili wake unaposhindwa kutengeneza rangi ya kutosha ya ngozi, nywele na macho. Nchini kwetu hukadiriwa kuwa mtu mmoja katika kila 1,400 huzaliwa hivyo, wakati Ulaya na Marekani Kaskazini ni mmoja kati ya 17,000 hadi 20,000. Mwanamume anayeondoka kwa madai ya kuzaa nje anamwachia mwenzake mzigo ambao nusu yake ni yake. Ningependa jambo hili lielezwe kwenye mafundisho ya ndoa, kabla ya harusi, na anayefundisha asione haya.

Nimezungumza sana juu ya panga. Hata hivyo, linalowaua zaidi watu wenye ualbino nchini ni saratani ya ngozi, na panga haliifikii. Hapa ndipo habari ya riziki inapoingia, kwa sababu ngozi hiyo inahitaji vitu vya kununua na siku za kupumzika kivulini, na mama wa pwani ya ziwa hana hivyo viwili.

Nenda Igombe au Kayenze asubuhi wavuvi wa dagaa wakirudi. Wanawake hununua kwa ndoo, wakaanika juu ya mchanga, juu ya nyavu kuukuu, juu ya chanja kwa wenye mtaji. Dagaa wanahitaji jua kali, la kutwa, na wanahitaji mtu wa kuwageuza na kufukuza ndege. Mvua ikinyesha wanaoza na mtaji umekwenda. Basi mama anaomba jua. Na mgongoni, au chini ya khanga iliyofungwa kwenye vijiti vitatu, ana mtoto ambaye jua hilohilo litamtoa vidonda masikioni na shingoni kabla hajaanza shule. Anachoomba kwa ajili ya chakula cha mtoto ndicho kinachomuunguza. Sijui sala ngumu kuliko hiyo, na sidhani anayeiomba anahitaji kufundishwa na mtu jinsi ya kumtegemea Mungu.

Anachohitaji ni mafuta ya kukinga jua. Yapo. Katika hospitali ya KCMC kule Moshi hutengenezwa mafuta yanayoitwa Kilisun, yaliyobuniwa kwa ajili ya ngozi ya watu wenye ualbino wa hali ya hewa yetu, na hugawiwa bila malipo kupitia kliniki. Shirika la Standing Voice, ambalo Ukerewe ni kama nyumbani kwake, limekuwa likiendesha kliniki za ngozi na za macho katika kanda hii. Mafuta yenyewe yana utaratibu wake: hupakwa kabla ya kutoka nje, hurudiwa kila baada ya saa kadhaa, na hayasahau masikio, midomo, shingo ya nyuma wala migongo ya mikono. Juu yake huvaliwa kofia ya pama. Kapelo haitoshi, inakinga paji la uso na kuacha masikio na shingo vikiungua. Shati liwe la mikono mirefu. Darasani mtoto akae mbele, upande usio na mwanga mkali wa dirisha, kwa kuwa macho yake huchezacheza na huona kwa karibu tu; mtoto anayesogeza daftari mpaka puani si mjinga, anasoma. Ni mambo madogo, lakini mtoto aliyeyakosa tangu utotoni anaweza kufika ujanani akiwa na donda lisilopona, na mwenye donda lisilopona mwisho wake ni kupanda kilima cha Bugando kuchelewa.

Hapa mama aliyefungia mtoto ndani anapoteza mara mbili. Mtoto asiyetoka hafiki kliniki. Asiyefika kliniki hapati mafuta wala kofia, na siku atakapolazimika kutoka, atatoka bila kinga.

Wazee wa ziwa hili walijua kuishi na hofu ya kupoteza mtoto kabla ya sisi kuzaliwa. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa 1896, aliandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke wanaohangaika kupata mtoto. Aliimaliza 1945, na Kiswahili chake kikachapishwa 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Yeye na mkewe Anna hawakubakiwa na mtoto hata mmoja. Watu wa wakati wake wangemwelewa kama angeoa mke mwingine. Alibaki na Anna. Huwa namkumbuka ninaposikia baba amekimbia kwa sababu mtoto aliyezaliwa si wa rangi aliyoitarajia. Kitereza alikuwa Mkatoliki aliyelelewa na wamisionari, na riwaya yake imejaa dawa, mizimu, jembe, mtumbwi na pombe ya ndizi, lakini kilichoibeba yote ni watu wawili wanaokataa kuachana kwa sababu ya mtoto.

Tumepata pia watu waliotuonyesha kwa macho mtoto huyu anaweza kufika wapi. Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa mbunge 2008, wakati mauaji yamepamba moto. Salum Barwany alichaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini 2010. Dk. Abdallah Possi akawa naibu waziri 2015, baadaye balozi. Josephat Torner, aliyefariki 2020, alizunguka vijiji vya kanda hii akijionyesha kwa watu waliokuwa hawajawahi kumkaribia mwenye ualbino, akiwaambia wamshike mkono. Ilikuwa kazi ya hatari, na aliifanya kwa hiari yake. Kila mmoja wao alikuwa na mama ambaye siku moja alifungua mlango.

Narudi kwa sisi tunaosali. Nimehudhuria misiba ambapo mtu ameuawa na mtu, na bado msemaji akasimama kusema kazi ya Mungu haina makosa. Maneno hayo ni mazuri kwa mzee aliyekufa usingizini. Kwa mtoto aliyekatwa panga ni kumsingizia Mungu kazi ya mganga na mteja wake. Mashekhe na wachungaji wa kanda hii wanajua jambo hili, na wengi wamelikemea kwa sauti, hasa baada ya Muleba. Ninachoomba ni kwamba kemeo lisiishie tarehe 13 Juni, siku ya kimataifa ya uelewa juu ya ualbino, wala lisiwageukie waganga peke yao. Mteja wa mganga huwa ni mtu wa heshima. Ana fedha, anakaa viti vya mbele, na sadaka yake hutajwa. Mhubiri anayemwogopa huyo asimwambie mama wa mtoto amwachie Mungu.

Serikali nayo imeambiwa yake. Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua kwamba nchi yetu ilikiuka haki za watu wenye ualbino, ikiwamo haki ya kuishi, kwa kutowalinda inavyopaswa. Hukumu hiyo ingefaa isomwe vijijini kwa Kiswahili chepesi, ili mama wa Kwimba ajue kwamba ulinzi anaouomba kwa Mungu, dola nayo inadaiwa.

Katika jumuiya yetu utaratibu wa asubuhi bado unaendelea. Yule kijana wa darasa la saba alimaliza shule akaenda sekondari, na mdogo wake ameichukua kazi. Mtoto naye amekua, anataka kwenda mwenyewe, na mama hajakubali. Wanabishana kuhusu hilo kama wazazi na watoto wanavyobishana kila mahali. Parokiani, baada ya misa, katibu anasoma matangazo: ndoa zinazotangazwa, michango ya ujenzi, zamu ya usafi. Tangu mwaka jana kuna tangazo jingine analolisoma hapohapo, kwa sauti ileile, la tarehe ya kliniki ya ngozi, mahali, na jina la jumuiya itakayolipia bodaboda mwezi huo. Mwezi ujao ni zamu yetu, na tumeshachanga.